Jumamosi kwa Madamu Pua

Mwanamume aliyewahi kumpa mpenzi wake tochi siku ya kuzaliwa, na mwaka uliofuata akampa kufuli, hapigi simu Ijumaa mchana akasema, "Kesho jioni vaa lile gauni la kijani, tunakwenda kutengeneza manukato." Hapigi hata kidogo, labda awe na homa, au awe na jambo. Na sauti ya Fundi haikuwa na homa.

"Kutengeneza nini?" Meno aliuliza, simu kaibana kwa bega, mikono yote miwili imo ndani ya glavu.

"Manukato. Watu wawili wawili. Kuna mama mmoja anafundisha. Saa kumi na moja nitakuwa getini kwenu."

"Fundi, uko mzima kweli?"

"Mzima. Lile la kijani, sawa?"

Akakata. Ndivyo alivyo huyo mtu, akisema maneno kumi anahitaji kupumzika.

Tuelewane mapema: Meno si jina alilopewa na wazazi wake. Jina analo, tena zuri, ila Fundi hakulijua siku alipoanza kumtafuta, akawa anamuulizia kwa mlinzi wa jengo, "Yule wa meno kaja leo?" Maana Meno alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, ghorofa ya saba, na Fundi ndiye aliyekuwa akiitunza lifti ya jengo hilo. Mlinzi akacheka, jina likaganda. Naye Meno akalipiza kwa kumwita Fundi, na hilo likaganda vilevile.

Basi wakapendana. Kwa miaka miwili Fundi alitengeneza pasi ya kina Meno, feni yao, mlango wa bafu uliokuwa ukilia kama paka, na redio ya marehemu baba ambayo kila mtu alishaikatia tamaa. Kilichomshinda ni sentensi moja tu, ile ambayo kila mwanamke aliye na mtu wake huisubiri. Hiyo haikutoka. Ikifika mdomoni, anauliza kama maji ya bomba lao yanatoka vizuri.

Jumamosi alasiri mama alimkuta bintiye mbele ya kioo, gauni la kijani limekwama mgongoni.

"La kijani," mama akasema. "Kuna nini?"

"Tunatoka tu, mama."

"Mnatoka tu. Miaka miwili mnatoka tu, mnarudi tu. Geuka nikufunge hiyo zipu." Mama akaivuta zipu, lakini hakumwachia bega. "Sikiliza, mwanangu. Yule kijana simchukii. Ana adabu, anasalimia vizuri, akila anaondoa sahani yake mwenyewe. Lakini hawezi kumweka mtoto wa watu kwenye foleni ambayo haijulikani inakwenda wapi. Kaka yako kila siku ananiambia, mama, unamkaribisha mtu anayempotezea dada yangu muda. Na mimi sina la kumjibu."

"Kaka naye kazidi."

"Mwache kaka yako, nazungumza mimi. Leo akikurudisha hapa bila neno la maana, kesho nitamwita mwenyewe. Nitamwambia kwa heshima zote asikanyage tena nyumbani kwangu."

"Mama, jamani!"

"Nimeshasema."

Meno alimjua mama yake. Mara ya mwisho kusema "nimeshasema" ilikuwa kwa binamu yao mmoja mlevi, na binamu huyo mpaka leo anawasalimia akiwa upande wa pili wa barabara. Alijipaka mafuta ya midomo mara tatu na kuyafuta mara mbili. Hofu ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na furaha inayochemka, maana moyo wake ulikwisha kuamua. Manukato, gauni la kijani, mtu asiyependa mambo makubwa. Angekuwa na sababu gani nyingine? Leo Fundi anasema.

Alipomwona getini, nusura apige kelele. Shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono imesimama, ndevu zimenyolewa, viatu vinang'aa. Na mfuko wa shati, upande wa moyo, ulikuwa umevimba. Kitu kidogo, kigumu, ambacho Fundi alikigusa kila baada ya hatua chache kuhakikisha bado kipo.

"Una nini mfukoni?" Meno akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Hamna kitu."

Hamna kitu! Meno aliuma mdomo ili asicheke. Njia nzima alizungumza yeye, juu ya mgonjwa aliyemng'ata daktari, juu ya viatu vyake vipya, juu ya mawingu, huku jicho moja likiwa kwenye mfuko ule.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ukipanda ngazi, harufu zilikupokea kabla ya mtu. Rafu zilijaa chupa ndogo za kahawia, mamia, kila moja na karatasi ya jina. Katikati kulikuwa na meza ndefu nyeupe, juu yake mizani midogo, vibomba vya kioo vya kudondoshea matone, na vijikaratasi vyembamba vya kunusia. Mwenye mahali alikuwa mwanamke mnene, kichwa kimenyolewa, miwani mikubwa, vidole vyepesi. Watu wote walimwita Madamu Pua, naye alijitambulisha hivyohivyo bila haya.

"Karibuni, wapenzi. Mnaoana lini?"

Meno akakohoa. Fundi akaangalia dari.

"Haya, nimeuliza vibaya. Kaeni, jioni hii ni zamu yenu peke yenu." Madamu Pua aliwaketisha upande mmoja wa meza, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akielekea ncha yake, kila mmoja na trei ya chupa. "Kwangu hakuna kujitengenezea. Wewe unamtengenezea yeye, yeye anakutengenezea wewe. Kuchungulia marufuku, kunong'onezana marufuku. Manukato yana harufu tatu: ya juu, inayokusalimia na kuondoka, ya kati, inayokaa na wewe, na ya chini, ambayo kesho asubuhi bado iko kwenye nguo. Mnaanza na ya chini. Mfikirie mwenzako, chukua chupa ya kwanza inayokuita. Ukikosea, tutarekebisha."

"Na pua ikichoka?" Meno akauliza.

"Unanusa mkono wa nguo yako mwenyewe. Pua inarudi nyumbani, inapumzika, inaendelea na kazi."

Wakaanza. Loo, na raha ilikuwa raha! Meno alifungua chupa moja baada ya nyingine kama mtoto aliyeachiwa duka. Mti wa sandali, hapana, mzito mno. Ngozi, ndiyo, mkanda wake wa vifaa. Pilipili manga kidogo, kwa sababu Fundi akikasirika hapigi kelele, anawasha tu polepole. Halafu ganda la limau, maana Jumapili akija kutoka kuoga ana usafi fulani unaomfanya mtu atake kumsogelea shingoni. Alidondosha, akachovya karatasi, akanusa, akadondosha tena. Mgongo wa Fundi ulikuwa umegusana na wake, wa moto, na kila alipoinama kuhesabu matone Meno alilisikia joto lile likiondoka na kurudi.

Pua ikachoka. Alikumbuka agizo, lakini badala ya kunusa mkono wake aliegemea nyuma, akaugeuza uso, akanusa mkono wa shati la Fundi.

"Huko si kwako," Fundi akasema bila kugeuka.

"Pua imekwenda nyumbani."

Mara Meno akasikia chupa ikigongana na chupa, na Madamu Pua akisema, "Kijana, polepole, hayo ni matone mengi!" Akacheka peke yake mpaka machozi yakamlengalenga. Alimuwaza Fundi kule nyuma, na mikono yake mikubwa iliyozoea kamba za chuma, ikishughulika na kijibomba cha kioo kwa ajili yake. Angemtengenezea waridi, bila shaka. Au asumini. Kitu cha bibi harusi.

"Wakati umekwisha," Madamu Pua akatangaza. "Geukeni. Bwana kwanza."

Waligeuka, magoti yakagusana. Fundi alikuwa ametokwa na jasho puani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, na Meno akasahau kupumua.

Ilikuwa bisibisi. Bisibisi fupi ya kupimia umeme, yenye mpini wa manjano. Fundi akaitumia kubandua kifuniko cha chupa yake kilichokaza, akairudisha mfukoni.

"Umekuja na bisibisi," Meno akasema taratibu.

"Nimetoka kazini moja kwa moja kwenda kuoga. Nilipovaa nikaiona mezani, nikasema nisije nikaipoteza." Hakuona kitu usoni pa mpenzi wake, maana alikuwa akichovya karatasi kwa uangalifu wa mtu anayeunganisha nyaya. Akampa. "Haya. Nusa."

Meno akajikaza. Sawa, pete haipo, lakini neno linaweza kuja bila pete. Akafumba macho, akavuta pumzi.

Karafuu.

Si kidogo, si kwa mbali. Karafuu tupu, kali, iliyojaa pua mpaka nyuma ya macho. Kila siku Meno hukoroga unga mweupe na mafuta ya karafuu kwenye kigae cha kioo, kutengeneza dawa ya kuziba meno kwa muda. Harufu ile huingia vidoleni, nywelini, kwenye sidiria, kwenye mkate anaoula mchana. Kila jioni, kabla ya kuonana na Fundi, hujisugua limau na sabuni mpaka ngozi ya mikono inawasha. Na huyu, kati ya chupa zote zile, alichagua hii.

"Umeweka nini humu?"

"Karafuu," Fundi akasema, akitabasamu. Yeye huyo, anatabasamu! "Madamu kasema nimezidisha. Lakini ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo vipi? Kwamba mimi nanuka hospitali?"

Tabasamu likamkatika. "Hapana. Meno..."

"Kuna waridi pale. Kuna asumini, kuna vanila, kuna chupa sijui mia ngapi! Wanawake wengine wakikumbukwa wanakumbukwa kwa maua. Mimi nakumbukwa kwa jino bovu!"

"Sikujua kama huipendi."

"Hukujua! Unadhani nachelewa kila jioni kwa nini? Najisugua, Fundi. Najisugua kama sufuria, ili nikikaa karibu na wewe niwe mwanamke kama wengine." Sauti ilimpanda, naye hakuizuia. "Nimevaa gauni ulilolitaka. Nimekuja roho juu juu, nikidhani leo, leo hatimaye, utafungua mdomo. Umetoa bisibisi!"

Madamu Pua aliangalia rafu, akaangalia dirisha, akaangalia viatu vyake. "Nakwenda kutafuta lebo," akasema, ingawa lebo zilikuwa mezani zimejaa kisanduku. Akatoka na kuufunga mlango.

Meno alisimama, akautafuta mkoba wake. Macho yalishajaa machozi, na hakutaka yamwagike mbele ya mtu huyu. Kesho mama atamwita, na kwa haki atamwita, na mambo yataishia hapo.

"Ile lifti haikuwa mbovu," Fundi akasema.

"Lifti gani tena?"

"Ya kazini kwenu. Niliitengeneza mwezi wangu wa kwanza pale, ikapona. Tangu hapo haikuwa na tatizo lolote." Alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Nilikuwa nakuja tu."

Meno akageuka, mkoba mkononi.

"Mimi nafanya kazi juu ya kibanda cha lifti," Fundi akaendelea, na maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, lakini yalitoka. "Siyo ndani. Juu yake, kwenye kile kisima lifti inamopita. Kule kuna giza, vumbi na grisi, basi. Siku nzima hunusi kitu kingine. Mlango wa ghorofa ya saba ukifunguka, ilikuwa inaingia karafuu. Kabla sijasikia viatu vyako, kabla hujasema kitu. Nikawa najua huyo kafika. Nilikuwa naacha kazi, nasimama tu kule gizani mpaka lifti ikufikishe chini. Mkubwa wangu akaniuliza, mbona lile jengo linakula siku zako zote? Nikamwambia nyaya ni kuukuu. Meno, nyaya zile ni mpya kuliko viatu vyangu."

Hakuna aliyewahi kumsikia Fundi akisema maneno mengi kiasi hicho kwa pamoja. Hata yeye mwenyewe alionekana kushtuka.

"Wewe mwongo mkubwa," Meno akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu tena.

"Kwenye lifti tu. Kwingine sijawahi." Akakiweka kibomba chini. "Jioni ukija unanukia sabuni. Nzuri, sikatai. Lakini mimi nikiwa kwangu peke yangu, nikikukumbuka, nakukumbuka kwa karafuu. Nilidhani na wewe unajua. Nilidhani leo ukiinusa utacheka, useme, kumbe ulikuwa unanisikia."

Meno akakaa. Akakichukua tena kile kijikaratasi, akakipeleka puani kwa woga, kama anayegusa pasi kujua kama imepoa. Ilikuwa karafuu ileile. Lakini sasa, nyuma yake, alinusa kitu kingine, laini, chenye utamu wa mbali.

"Na hiki nini?"

"Waridi. Niliweka, si kwamba sikuweka. Karafuu imelifunika."

Meno alicheka, kicheko kikatoka na machozi, akajifuta kwa mgongo wa mkono na kuuharibu uso wote aliouandaa. "Umelizamisha waridi, Fundi. Masikini waridi."

"Tutalirekebisha."

"Na kwa nini hukusema? Miaka miwili! Ungeniambia hata nusu ya haya uliyosema leo, ningekuwa mwehu wa furaha."

Hapo Fundi akaanza kuzifunga chupa moja moja, na Meno akaogopa kwamba mlango umejifunga. Akamshika mkono. "Sema. Usirudi kule gizani. Sema."

"Kaka yako," Fundi akasema.

"Kafanya nini kaka yangu?"

"Siku ile nilipokuja kutengeneza redio ya baba. Nilikuwa mlangoni navua viatu. Akawa anamwambia mama, huyo kazi yake ni kupanda na kushuka siku nzima, jioni ukimtafuta yuko palepale chini. Mama akacheka. Sikumlaumu, ilikuwa inachekesha." Akajaribu kucheka mwenyewe, akashindwa. "Nikasema basi, nisubiri niwe mkuu wa mafundi. Nije na cheo, nisimame sebuleni kwenu kama mtu. Cheo wakampa mwingine. Nikasema nisubiri tena."

Moyo ulimuuma Meno kwa namna ambayo hakuitegemea. Aliikumbuka jioni ile vizuri. Redio ililia, wote wakashangilia, na Fundi akakataa chai akaondoka. Tangu siku hiyo akija huishia barazani, mpaka aitwe mara tatu ndipo aingie. Nao ndani wakasema ana maringo.

"Nisikilize," akasema, akiubana ule mkono. "Mimi sikuja hapa kumsubiri mkuu wa mafundi. Simjui huyo, na wala simtaki. Na nikuambie jambo jingine, maana naona hapa tutazeeka. Mama kasema leo ukinirudisha bila neno, kesho anakuita kukuambia usije tena. Kasema 'nimeshasema'. Unamjua mama akisema hivyo."

Rangi ikamtoka Fundi. "Leo?"

"Leo hii."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa ina kazi gani? Mimi niko hapa, nimekaa mbele yako..."

Lakini Fundi alishasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa na uso ule anaokuwa nao mtu akipigiwa simu kwamba kuna watu wamekwama kwenye lifti. Madamu Pua akaingia na mikono mitupu, maana lebo hakuzitafuta.

"Mmeshapatana? Vizuri. Kijana, tupunguze karafuu, tulipe waridi nafasi. Ila hamwezi kujipaka leo, manukato mapya lazima yatulie wiki kadhaa ndipo yakae sawa."

"Yatulie tu, madamu," Fundi akasema, akimvuta Meno mlangoni. "Mimi nimetulia vya kutosha."

Walikimbia. Meno alivua viatu vipya akavishika mkononi, gauni la kijani kalikusanya magotini, watu wakawapisha barabarani wakidhani kuna msiba au kuna moto. Alicheka hadi mbavu zikamuuma. "Polepole, nitaanguka!" akapiga kelele, na Fundi akasema, "Nikienda polepole nitafikiri," akazidisha mwendo.

Safari hii hakuishia barazani. Alivua viatu viwili kwa mkupuo, akaingia hadi katikati ya sebule, ambako mama alikuwa akikunja nguo na kaka akiangalia mpira. Jasho limelowanisha shati lote lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini? Nani kaumwa?"

"Hakuna aliyeumwa." Fundi akamgeukia kaka. "Shemeji, siku ile ya redio nilikusikia. Nilikuwa mlangoni."

Kaka akaizima televisheni. Akasugua shingo. "Bwana wee," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "yale yalikuwa masihara ya kijinga. Unisamehe."

"Nimeshasamehe. Ila ni kweli kwamba napanda na kushuka. Cheo sina, na sijui nitakipata lini. Nilitaka nije nacho, hakikuja, nimekuja mwenyewe." Akamgeukia mama, mikono kaiweka mbele kama mwanafunzi. "Mama, nampenda binti yako. Naomba nimuoe. Kama ni kunifukuza, unifukuze nikiwa nimeshasema."

Mama aliishika taulo aliyokuwa akiikunja, akaiweka chini bila kuimaliza. Alimtazama Fundi, kisha akamtazama bintiye, pekupeku, wanja umeshuka hadi mashavuni.

"Nimekusikia, mwanangu," mama akasema. Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. "Umeniomba mimi, umejieleza mbele ya huyu kaka mtu. Sasa niambie, huyu mwenyewe umemuuliza?"

Fundi akaganda.

Hakumuuliza. Mbio zote zile, jasho lote lile, na hakumuuliza! Meno alijishika mdomo. Fundi akageuka polepole, na safari hii hakutazama dari wala hakuulizia bomba. Alimtazama yeye tu, macho kwa macho, mpaka Meno akasikia damu ikimgonga masikioni.

"Utakubali kuwa mke wangu?"

Meno, ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kukosa la kusema, ambaye aliyapanga majibu ya swali hili akiwa anakoroga dawa, akiwa kwenye foleni, akiwa anaoga, alifungua mdomo na sauti haikutoka. Akatikisa kichwa kukubali. Akatikisa tena. Machozi yakamwagika.

"Aka!" mama akasema, naye akijifuta macho kwa taulo. "Hiyo siipokei. Sema kwa mdomo, isije ikawa kakuambukiza."

"Ndiyo," Meno akasema. Akaisikia sauti yake mwenyewe, akaipenda, akasema tena kwa nguvu mpaka jirani akachungulia dirishani. "Ndiyo, Fundi, ndiyo! Nakubali!"